Charlotte Nabintu na Neno "Nilifungwa"

Kwa miaka sita Charlotte Nabintu alifungasha vipuri vya magari katika ghala moja la Garland, karibu na Dallas, na kwa miaka hiyo yote sisi wa kanisani tulimwita kila mahali ambapo Kiingereza kilitushinda. Alikwenda na wajawazito kliniki, alikaa na wazazi mbele ya walimu, alisoma barua za bima na za mwenye nyumba. Hakuomba chochote. Ukimshukuru alikuwa akijibu, "Ni kinywa tu, hakichoki."

Alizaliwa Bukavu na kusoma kwa Kifaransa mpaka mwaka wa pili wa chuo. Kisha vita vikamtoa, akaishi miaka tisa katika kambi ya Nyarugusu, mkoani Kigoma, ambako polisi wa Tanzania walimwita mara nyingi awatafsirie wakimbizi. Kwa hiyo alikuwa na Kiswahili cha namna mbili, cha kwao Kivu na cha Kigoma, pamoja na Kifaransa cha shule na Kiingereza alichokiokota kambini akakinyoosha Texas. Mumewe, Alain, ni dereva wa malori ya masafa marefu. Huonekana nyumbani siku nne au tano kwa mwezi. Binti yao ni Merveille, ambaye huulizwa kwa Kiswahili na kujibu kwa Kiingereza.

Mwezi Machi mwaka juzi, Papa Polycarpe wa Cedar Hill, mwenzetu wa kanisani, alimwomba amsindikize kwenye usaili wa uraia wa Marekani. Papa Polycarpe alikuwa na miaka sitini na mmoja. Kule Uvira alikuwa fundi cherehani. Hapa anarekebisha sare na mashuka ya hoteli. Kwa umri wake, na kwa miaka aliyokuwa ameishi hapa na kadi ya ukaazi, sheria ilimruhusu kufanya usaili kwa lugha yake, mradi aje na mkalimani.

Walivaa vizuri siku hiyo. Ofisa alikuwa kijana mpole. Akauliza jina, anwani, safari za nje, watoto. Charlotte akawa anakwenda mbio, Kiingereza kinaingia Kiswahili kinatoka, kama mtu anayepanga maboksi kwenye mkanda wa ghala. Ndipo ofisa akauliza kama Polycarpe aliwahi kukamatwa au kuzuiliwa na polisi mahali popote duniani.

"Anauliza kama umeisha kukamatwa na polisi, hapa ao kwetu," Charlotte alisema.

"Ndiyo," Papa Polycarpe alijibu bila kusita. "Nilifungwa pale Uvira, mwaka wa tisini na tano. Siku kumi na moja."

Charlotte akasema kwa Kiingereza kwamba mzee aliwekwa gerezani huko Uvira. Ofisa akaacha kuandika. Akauliza hukumu ilikuwa ya muda gani.

"Anauliza kifungo chako kilikuwa cha muda gani."

"Ile nimesema. Siku kumi na moja."

"Siku kumi na moja," Charlotte akampa ofisa.

"Kwa kosa gani?"

"Cherehani ya wizi ilipatikana kwangu."

Hilo nalo likavuka. Ofisa akaandika mistari mitatu, akamshukuru mzee, akasema watapata barua. Nje walipiga picha karibu na bendera, Papa Polycarpe akiwa amefunga vifungo vyote vya koti ingawa jua lilikuwa kali.

Barua ilikuja baada ya wiki tano. Papa Polycarpe alimpa Charlotte Jumapili, kwenye maegesho ya kanisa, watu wakiwa bado wanaagana. Aliisoma amesimama. Ilisema kwamba mwombaji amekiri kuhukumiwa kwa kosa la jinai, na kwamba katika mafaili yake yote ya nyuma alitangaza hajawahi kuhukumiwa. Alipewa siku thelathini, kuanzia tarehe ya barua, kuleta nakala ya hukumu iliyothibitishwa na mahakama, na kueleza kwa nini alisema uongo.

Charlotte alijua mara moja neno hilo limetoka wapi.

"Wanasema nini?" Papa Polycarpe aliuliza.

"Wanaomba makaratasi. Niachie barua, Papa. Niisome vizuri nyumbani."

Alikaa nayo siku tatu. Kazini alibandika lebo za Oklahoma kwenye mzigo wa Louisiana, msimamizi akamuuliza kama anaumwa. Siku ya tatu Alain alipiga simu kutoka njiani, na Charlotte akamsimulia yote.

"Nani anajua kwamba ni wewe ulikosea?" Alain aliuliza.

"Mimi tu."

"Basi inatosha. Ukijua wewe, lazima na yeye ajue."

Jioni ile ile Charlotte aliendesha gari mpaka Cedar Hill. Papa Polycarpe na mkewe, Mama Josiane, walimkaribisha mezani, lakini hakugusa chakula.

"Papa Polycarpe," alisema, "ile barua imekuja kwa sababu yangu. Kwetu mtu akiwekwa ndani na polisi usiku mmoja, tunasema amefungwa. Na yule aliyepewa na hakimu miaka kumi, pia tunasema amefungwa. Wewe ulisema la kwanza. Mimi nikawapa la pili. Na ofisa alipouliza habari ya hukumu, nikakuuliza habari ya kifungo. Sikusimama kukuuliza vizuri."

Papa Polycarpe alikiweka kijiko chini polepole. "Kwa hiyo wanafikiri mimi ni mwizi."

"Wanafikiri ulihukumiwa, halafu ukawaficha."

"Mama Merveille," Mama Josiane alisema, na sauti yake haikupanda, jambo lililomuumiza Charlotte zaidi, "huyu mzee amengojea miaka kumi na sita."

"Ninajua, Mama."

Papa Polycarpe aliinuka, akaingia chumbani, akarudi na mfuko wa nailoni uliokuwa na kadi za chanjo za watoto ambao sasa ni watu wazima. Katikati ya kadi kulikuwa na nusu karatasi yenye muhuri wa ofisi ya mwendesha mashtaka wa Uvira. Akaeleza kwamba mteja alimletea cherehani aitengeneze, kumbe aliiiba kwa jirani. Mwizi alipopatikana, mzee akaachiwa na kupewa karatasi hiyo ili asisumbuliwe tena.

"Hapa hakuna mtu aliyewahi kuniuliza karatasi hii," alisema. "Ulisoma Kifaransa. Isome."

Charlotte aliielewa yote. Ilisema kwamba faili la *inculpé* Polycarpe, aliyeshukiwa kwa *recel*, limekuwa *classé sans suite*. Lakini kuelewa ni jambo moja na kulisema kwa Kiingereza ni jambo lingine. Alipoliingiza lile neno la kwanza kwenye simu, simu ikampa neno la Kiingereza lenye maana ya mwenye hatia. Kuhusu faili, simu ilisema limepangwa bila mfululizo. Alizima simu akaiweka mkobani. Alikuwa amekwisha kumfunga mzee huyu mara moja kwa haraka yake, na hakutaka kumfunga mara ya pili.

Kesho yake waliomba ruhusa kazini wakaenda kwa wakili Lemayian, Mkenya wa Narok mwenye ofisi ndogo juu ya duka la miwani mjini Dallas. Aliwasikiliza akizungusha kalamu, kisha akamgeukia Charlotte.

"Madam, tuta-submit vitu viwili. Kwanza, maelezo yako ya kiapo kwamba ulitafsiri vibaya. Una-realize hiyo karatasi itakaa kwenye faili? Siku utataka leseni ya ukalimani, mtu anaweza kuisoma."

Charlotte alikuwa kweli akiitaka leseni hiyo. Alikuwa amekwisha kununua kitabu cha kujiandaa na mtihani, akakificha chini ya taulo ili Alain asimcheke kama angeshindwa.

"Niandike," alisema.

"Sawa. Ya pili ni tafsiri ya hii ya Kifaransa. Hapo usi-guess hata neno moja. Ukiandika aliachiliwa na korti, na kumbe hakufika kortini, tumekwisha." Alitafuta kitu kwenye kompyuta. "Kuna mafunzo Houston wikendi hii, ya maneno ya sheria ya jinai. Mwalimu ni mama mmoja mzee. Mimi humtumia watu wangu. Nenda."

Charlotte alipanda basi Ijumaa, akamwacha Merveille kwetu. Houston alilala kwa binamu yake Zoé, muuguzi anayeishi Pearland, ambaye alimfikisha maktabani asubuhi kabla ya zamu yake hospitali. Chumbani walikuwa watu kumi na wawili: wa Kihispania, wa Kivietinamu, mmoja wa Kiamhari. Mwalimu alikuwa mama wa miaka sabini na miwili, mwembamba, mwenye fulana ya sufu ijapokuwa nje palikuwa na joto. Jina lake Vizma Ozola. Alisema ametoka Latvia, na kwamba kwa miaka thelathini kazi yake imekuwa kugeuza makaratasi ya mahakama za huko kuwa Kiingereza. Charlotte aliitafuta nchi hiyo kwenye simu chini ya meza. Ilikuwa kaskazini mwa Ulaya, na watu wake wote hawafikii wakazi wa jiji la Houston.

Vizma aliandika ubaoni maneno matatu ya kwao. *Aizturēts* ni mtu ambaye polisi wamemshika, na saa zake zinahesabiwa. *Apcietināts* ni mtu ambaye hakimu ameamuru akae ndani wakati kesi inaendelea. *Notiesāts* ni mtu aliyehukumiwa.

"Nilipofika Amerika," alisema kwa Kiingereza chake cha taratibu, "nilikuwa na kamusi moja. Kwa lile neno la pili niliandika neno la Kiingereza lenye maana ya mfungwa. Lilisikika vizuri. Mtu mwenyewe alikuwa wa Riga, alikaa mahabusu miezi miwili, mahakama ikamwona hana hatia. Kwa neno langu alinyimwa viza ya kuja kwa dada yake. Niligundua baada ya mwaka."

Mwanafunzi mmoja aliuliza alifanya nini.

"Sikufanya kitu. Niliogopa kupoteza kazi. Ndiyo sababu ninafundisha."

Charlotte hakuwa mtu wa kuinua mkono darasani hata alipokuwa msichana, lakini aliuinua. Akasema ana mzee Dallas, ana siku kumi na nane zilizobaki, na neno lililomharibia mzee huyo ni la kwake yeye.

Vizma alimtazama juu ya miwani. "Karatasi unayo?"

"Ninayo."

"Saa sita utakula na mimi."

Walikula sandwichi kwenye meza ya nje ya maktaba, karatasi ya Uvira ikiwa kati yao imewekewa chupa ya maji isipeperuke. Vizma hakujua Kiswahili, na Kifaransa chake kilikuwa kidogo. Hakuhitaji zaidi. Alichukua karatasi nyeupe, akachora mstari mrefu, akaweka alama nne: polisi, mwendesha mashtaka, hakimu, gereza.

"Usitafute neno linalofanana na neno," alisema. "Neno hili limesemwa na nani, na siku ile kesi ilikuwa imefika wapi? Weka kidole."

Charlotte aliweka kidole kwenye mwendesha mashtaka. Muhuri ulikuwa wa ofisi yake.

"Alimwona hakimu?"

"Hapana."

"Basi maneno yote yaliyo upande wa kulia wa kidole chako hayamhusu huyu mzee. Futa."

Charlotte alifuta. Na alipokuwa anafuta yakamjia maneno ya askari wa Kigoma, ambayo aliyasikia kila wiki kwa miaka tisa na hakuwahi kuyapanga: mtuhumiwa, yule anayeshukiwa; mahabusu, yule anayewekwa ndani akisubiri; mshtakiwa, yule aliyesimamishwa mbele ya mahakama; mfungwa, yule aliyehukumiwa kifungo. Yalikuwa yamesimama kwenye mstari wa Vizma, kila moja mahali pake. Alikuwa amejiambia wiki nzima kwamba Kiswahili kimemwangusha, kwamba ni lugha ya watu wanaoita kila kitu kufungwa. Sasa aliona kwamba lugha ilikuwa na vyumba vyote. Yeye ndiye aliyeingia mlango wa kwanza bila kubisha.

Walifanya kazi mpaka wengine waliporudi darasani, na tena baada ya masomo. *Inculpé* likawa mtu anayechunguzwa kwa tuhuma, ambaye bado hajahukumiwa. *Recel* likawa kupokea mali ya wizi, na Vizma akasisitiza waandike kuwa ni tuhuma. *Classé sans suite* liliwachukua saa nzima. Charlotte alitaka kuandika kwamba mzee alionekana hana hatia, kwa kuwa ndivyo moyo wake ulivyotaka.

"Hapana," Vizma alisema. "Hiyo ni zawadi, na wewe hutoi zawadi. Nani alifunga faili?"

"Mwendesha mashtaka."

"Alimpeleka mahakamani?"

"Hakumpeleka."

"Andika hivyo. Faili lilifungwa na mwendesha mashtaka, na hakuna mashtaka yaliyopelekwa mahakamani. Ukweli wake unatosha."

Jumatatu Charlotte alikuwa kwa Lemayian na tafsiri ya kurasa mbili, pamoja na ukurasa wa tatu ulioeleza, kwa kiapo, neno alilolisikia, neno alilolisema, na kwa nini hayakuwa sawa. Alitia saini. Lemayian alisoma kurasa zote mara mbili.

"Hii iko poa," alisema. "Nime-practice miaka kumi na moja na sijawahi kuona mkalimani akiandika hivi."

Usaili wa pili uliitishwa Julai. Safari hii Charlotte hakuruhusiwa kuingia, maana alikuwa shahidi. Alikaa garini na Mama Josiane kwenye maegesho, kipoza hewa kikinguruma, wakigawana njugu. Ndani, mkalimani alikuwa kwenye simu, mzee mwenye Kiswahili cha pwani. Papa Polycarpe alitusimulia baadaye jinsi ilivyokwenda.

Ofisa wa siku hiyo, mwanamke, alikuwa na ile tafsiri mbele yake. Akauliza kuhusu Uvira. Mkalimani akatafsiri kwa uangalifu: "Bwana, ulipofungwa, ulikuwa mahabusu, au ulikuwa umekwisha kuhukumiwa?"

"Hilo neno mahabusu silijui, Baba," Papa Polycarpe alijibu. "Lakini sikuona hakimu hata mmoja. Niliona askari, na yule bwana wa ofisi aliyenipa karatasi. Basi. Nikarudi nyumbani."

Mkalimani akayapeleka jinsi yalivyokuwa. Ofisa alifunga faili, akauliza maswali mengine sita ya historia na serikali, na Papa Polycarpe akayajibu yote. Alipotoka nje alitembea kuelekea garini taratibu mno, hata Mama Josiane akafungua mlango na kumfuata katikati ya maegesho.

"Wamekubali," alisema.

Mama Josiane alirudi kwenye gari, akainama dirishani kwa Charlotte. "Leo utakula kwangu," alisema. "Ile siku uliacha sahani yangu imejaa."

Mwezi Septemba Papa Polycarpe aliapishwa katika ukumbi mkubwa pamoja na watu mia kadhaa. Charlotte alikuwepo na Merveille. Wakati wa kiapo mzee alitoa kitambaa akajifuta machozi, na Merveille akanong'ona, "Mommy, why is he crying?"

"Mwache mzee," Charlotte alisema, naye akatafuta kitambaa chake.

Mtihani wa leseni Charlotte aliufanya Novemba na kushindwa kwa alama chache. Alain, aliyekuwa nyumbani wiki hiyo, alikikuta kitabu chini ya taulo. Hakumcheka. Alimuuliza maswali kutoka kwenye kitabu hicho jioni nne mfululizo, akitamka Kiingereza cha sheria vibaya kiasi kwamba Merveille aliondoka mezani akicheka. Februari Charlotte alirudia mtihani akafaulu. Katika maombi yake aliambatisha mwenyewe ile karatasi ya kiapo, kabla hajaulizwa. Hakuna aliyewahi kumpigia simu kuhusu karatasi hiyo.

Leo anafanya kazi ghalani siku tatu, na siku mbili mahakamani, Dallas au Fort Worth. Majaji wengine humpenda na wengine humwona mzito, kwa sababu huinua mkono na kusema kwamba mkalimani anaomba kuuliza shahidi ana maana gani. Ana daftari la maneno karibu mia nne, Kiswahili cha Kivu upande mmoja, cha Tanzania na Kenya katikati, Kiingereza mwisho, na chini ya kila neno mahali pake kwenye njia ya kesi. Wakalimani vijana wa Houston huomba picha za kurasa hizo, naye huwatumia.

Vizma humpigia simu Jumapili baada ya ibada. Huzungumza habari za maneno, za goti la Vizma, za Merveille ambaye sasa anadai kujifunza Kifaransa. Mwezi Mei Vizma alimwambia kwamba amepata anwani ya yule mtu wa Riga kupitia kwa dada yake, na kwamba amemwandikia.

"Amejibu?" Charlotte aliuliza.

"Bado. Huenda asijibu."

"Lakini barua imekwenda."

"Ndiyo," Vizma alisema. "Imekwenda."

Juma lililopita nilimkuta Charlotte kwenye maegesho ya kanisa, amezungukwa kama kawaida, barua tatu mkononi za watu watatu. Mama mmoja mgeni, aliyefika Garland mwezi huo, alikuwa akimweleza habari ya mwanawe kwa haraka sana, maneno yakikanyagana. Charlotte alimshika mkono.

"Polepole, Mama," alimwambia. "Tuna wakati. Anza pale polisi walipofika, unieleze kila mtu aliyesema na mwanao."

Yule mama akavuta pumzi, akaanza upya.